Gari Lililoshinda Le Mans Mara Mbili, na Kesi ya Kuuliza Kama Bado Lipo

Mwaka 1990, Jaji Otton wa Mahakama Kuu jijini London aliletewa swali ambalo kwa kawaida hubishaniwa na mafundi gereji mpaka jua linazama: gari hili ndilo lenyewe, au ni jingine lililovishwa jina lake? Gari lilikuwa Bentley Speed Six, maarufu kwa jina la Old Number One, mshindi wa Saa 24 za Le Mans, mbio za magari za Ufaransa zinazoendeshwa mchana na usiku, mwaka 1929 na tena mwaka 1930. Mmiliki wake, Ed Hubbard, alikuwa amekubaliana na kampuni ya Middlebridge Scimitar kuiuzia kwa pauni milioni 10. Mnunuzi akageuka. Akadai kwamba gari lililoshinda Le Mans lilishakwisha zamani, na alichokuwa anauziwa ni kitu kingine. Hubbard akaenda kushtaki.

Mimi napenda magari ya mashindano ya zamani, hasa yale ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na kesi hii nimeisoma na kuirudia kuliko habari za mbio zenyewe. Wenzangu wengi huzungumzia historia ya gari kana kwamba ni nembo iliyobandikwa mlangoni, ipo au haipo. Mahakamani jambo hilo halikubaliki. Pale unatakiwa useme: unaponunua historia kwa pauni milioni 10, hiyo historia imekaa wapi ndani ya gari? Kwenye chasisi, yaani fremu inayobeba gari? Kwenye injini? Kwenye kadi?

Kabla ya kujibu, ni vizuri kulifuata gari lenyewe tangu lilipotoka kiwandani.

Kampuni ya Bentley iliundwa mwaka 1919 na W. O. Bentley, mhandisi aliyejifunza kazi kwenye karakana za reli za Doncaster. Ukifungua injini ya Speed Six, lita 6 na nusu, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, unamwona yule kijana wa reli. Injini nyingi za aina hiyo huzungusha kamshafti ya juu, ile shafti inayofungua vali, kwa mnyororo au kwa gia. W. O. alitumia fito tatu zinazopanda na kushuka kwa zamu, kama zile zinazounganisha magurudumu ya garimoshi. Ni mtambo mzito na ghali, ila ni mkimya na unadumu. Gari zima lina tabia hiyohiyo: kubwa, zito, halina haraka ya kuvunjika.

Tatizo la W. O. lilikuwa pesa, na pesa zilimfika kwa mlango wa Woolf Barnato. Baba yake Woolf, Barney Barnato, alitajirikia almasi za Kimberley, Afrika Kusini, akafa baharini mwaka 1897 akiwa safarini kwenda Uingereza, mwanawe akiwa hajatimiza miaka miwili. Mtoto alikua na mali isiyo na mfano na mwili wa mwanamichezo. Alidaka mipira akiwa nyuma ya wiketi katika timu ya kriketi ya Surrey. Mwaka 1926 akaiokoa Bentley na kuwa mwenyekiti wake. Kwa kawaida tajiri wa namna hiyo akiomba kuendesha gari la timu, mafundi hutazamana. Lakini Barnato alijua kuendesha. Alishiriki Le Mans mara tatu tu, 1928, 1929 na 1930, na zote tatu akashinda. W. O. mwenyewe alimweka juu ya madereva wote aliowahi kuwa nao.

Old Number One, chasisi LB2332, namba ya usajili MT 3464, liliingia Le Mans Juni 1929 likiwa na Barnato na Tim Birkin. Likaongoza toka mwanzo hadi mwisho. Likakimbia zaidi ya kilomita 2,840, nyuma yake wakafuata Bentley wengine watatu, wakashika nafasi ya pili, ya tatu na ya nne. Mpaka asubuhi hapakuwa na mpinzani, na W. O., ambaye hakupenda kuona chuma kikiteswa bila sababu, aliendelea kuwaonyesha madereva ishara ya kupunguza mwendo. Husimuliwa kwamba Jack Dunfee, aliyekuwa kwenye gari la pili, alisimama akauliza kama anatakiwa ashuke alisukume. Mkumbuke huyo Jack. Yeye na mdogo wake watarudi kwenye hadithi hii, na safari hiyo hakutakuwa na mzaha.

Mwaka 1930 mambo yalikuwa magumu zaidi, na kwangu ndiyo mbio tamu ya enzi ile. Mercedes ilileta gari moja tu, SSK yenye supachaja, yaani pampu inayoishindilia injini hewa ili ipate nguvu zaidi, mikononi mwa Rudolf Caracciola na Christian Werner. Gari moja dhidi ya kundi la Bentley. Birkin, ambaye safari hii aliendesha Bentley ya lita 4 na nusu yenye supachaja, akamkimbiza Caracciola tangu mwanzo. Kuna mahali alimpita huku magurudumu ya upande mmoja yakiwa kwenye majani na mpira wa tairi ukianza kubanduka. W. O. hakuzipenda kabisa supachaja. Aliona kwamba ukitaka nguvu zaidi, ongeza ukubwa wa injini. Siku ile supachaja za Birkin zilifanya kazi nyingine: kumchosha Mjerumani. Usiku Mercedes ikazima na kuaga mashindano. Bentley zenye supachaja nazo hazikumaliza. Waliobaki kifua mbele ni Speed Six mbili, na iliyovuka mstari kwanza ilikuwa ileile ya mwaka uliotangulia, Barnato akishirikiana safari hii na Glen Kidston, zaidi ya kilomita 2,900 ndani ya saa 24.

Gari moja, chasisi moja, ushindi wa miaka miwili mfululizo. Ni sifa ambayo Ford GT40 namba 1075 ilikuja kuipata mwaka 1968 na 1969, na Porsche 956 namba 117 mwaka 1984 na 1985.

Sasa angalia kilichofuata, maana hapa ndipo mawakili walipokuja kutafuta riziki miaka sitini baadaye.

Bentley ilijitoa kwenye mashindano baada ya ushindi wa 1930. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka uliofuata, Barnato akiwa amefunga mfuko, na kabla ya 1931 kwisha ilikuwa mali ya Rolls-Royce. Old Number One likaishia mikononi mwa Barnato. Hakuliweka kama pambo. Alilirudisha uwanjani Brooklands, ule uwanja wa zege wa Surrey uliofunguliwa mwaka 1907, wenye kona zilizoinuliwa kama ukuta ili gari lipite bila kupunguza mwendo. Brooklands haikuwa Le Mans. Le Mans ilitaka gari la barabarani lenye taa na mabawa ya tope. Brooklands ilitaka mwendo tu. Kwa hiyo gari likapunguzwa hapa, likaongezwa pale. Mwaka 1931 Jack Dunfee na Cyril Paul wakashinda nalo mbio za maili 500. Mwaka 1932 Wally Hassan, fundi aliyekulia Bentley na ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wahandisi wakubwa wa injini pale Jaguar, akalitengeneza upya na kulitia injini kubwa zaidi, ya lita 8.

Septemba 1932, kwenye mbio zilezile za maili 500, Jack Dunfee aliendesha zamu ya kwanza kisha akampisha mdogo wake Clive. Clive alilipandisha gari juu mno kwenye kona iliyoinuliwa, gurudumu likavuka ukingo, gari likaporomokea upande wa pili kwenye miti. Clive Dunfee akafa pale.

Mtu anayetaka hadithi safi angeishia hapo. Barnato hakuishia. Kilichosalia kilikusanywa, kikajengwa tena, safari hii kikiwa gari la barabarani lenye paa, viti viwili. Likazunguka hivyo miaka na miaka, likabadilisha wenyewe, mpaka lilipofika kwa Hubbard, ambaye alilirudishia sura ya wazi ya siku za Le Mans. Wakati huo wenye kuliendesha enzi ya utukufu walikuwa wamekwisha kuondoka: Kidston kwa ajali ya ndege Afrika Kusini mwaka 1931, Birkin mwaka 1933, Barnato mwaka 1948.

Mbele ya jaji, kazi ikawa kama ya daktari wa maiti. Kipande kwa kipande: hiki ni cha mwaka gani? Cha gari la 1929, lile lililoshinda mara ya kwanza, hakikupatikana kitu ambacho mtu angeweza kukinyooshea kidole kwa uhakika. Cha gari la 1930, jaji aliridhika kuwa vimebaki vitu vitatu: shafti ya pedeli, gamba la giaboksi, na nguzo ya usukani. Vingine vingi vya maana, chasisi yenyewe, springi, boriti ya ekseli ya mbele, ni vya gari la 1932, lile lililomuua Clive Dunfee. Na bodi iliyokuwa ikipendeza machoni pa kila mtu ilikuwa kazi ya karibuni.

Ukisikia orodha hiyo kwa mara ya kwanza unaweza kudhani mnunuzi ameshinda kesi. Pauni milioni 10 kwa shafti ya pedeli!

Lakini jaji alimpa ushindi Hubbard, na njia aliyoipita naiona ya haki kabisa. Alikataa kusema kwamba gari lile ni kama lilivyotoka kiwandani. Hakuna aliyeweza kudai hivyo kwa gari lililoshiriki mashindano makali kiasi kile. Alikataa pia kulihesabu kuwa gari lililofufuliwa au lililoundwa upya kwa kuiga, kwa sababu ili kitu kifufuliwe lazima kwanza kiwe kimekufa. Na hili halikufa. Hakuna siku ambayo Old Number One lilikoma kuwapo, kisha mtu akaanza kulitunga kutoka kwenye makopo ya spea. Lilitoka timu ya Le Mans likawa gari la Brooklands, gari la Brooklands likaanguka likawa gari la barabarani, gari la barabarani likavuliwa paa, na katika kila hatua kilichoingizwa kiliingizwa kwenye gari lililokuwa tayari lipo, linalojulikana, lenye mwenyewe. Historia haikukatika. Kwa hiyo jina ni lake kwa haki.

Ni hesabu ya nasaba, kwa kweli. Mtu hujulikana kuwa wa ukoo fulani kwa sababu mlolongo wa waliomtangulia unatajika, fulani bin fulani bin fulani, bila pengo katikati. Hatumpimi kwa kuuliza ni nyama kiasi gani ya babu iliyobaki mwilini mwake. Pengo ndilo linalotia shaka. Ukikuta gari ambalo mwaka 1934 lilitoweka, kisha mwaka 1985 likaibuka likiwa zima, lina namba ya chasisi inayong'aa na hakuna anayejua lilikuwa kwa nani, hapo shika mfuko wako.

Na kuna jambo jingine ambalo wanaodai "kila kitu kiwe kilekile" huwa hawalitazami usoni: mashindano hula gari. Baada ya kila mbio kubwa injini hufunguliwa, beringi hutupwa, breki hubadilishwa, boriti iliyopinda hutolewa. Fundi wa timu mwaka 1929 hakuwa anatunza urithi wa dunia. Alikuwa na gari la kuwahisha Jumamosi, na spea iliyokuwa karibu ndiyo iliyofungwa, hata kama ilitoka kwenye gari la jirani. Kadiri gari lilivyopigana, ndivyo chuma chake cha kwanza kilivyopungua. Ukitaka gari la mashindano ambalo kila nati ni ya siku ya kwanza, tafuta ambalo halikushindana.

Lipo, na ndilo ghali kuliko yote duniani. Mercedes 300 SLR Uhlenhaut Coupé zilitengenezwa mbili tu, mwaka 1955. Mwaka huohuo ajali ya Le Mans iliua watu zaidi ya 80, na ulipokwisha Mercedes ikajiondoa kwenye mashindano. Gari lile lenye paa na milango inayofunguka kwenda juu halikupata kushindana hata mara moja; mhandisi Rudolf Uhlenhaut alilitumia kwa safari zake za kazi. Kampuni ikalitunza tangu siku ya kwanza, mmiliki mmoja tu, mpaka Mei 2022 ilipoliuza moja kati ya hayo mawili kwa euro milioni 135. Ni kitu kizuri mno, sina ugomvi nacho. Ila ukiniambia niandike historia yake ya mashindano, karatasi itabaki nyeupe.

Nisije nikaonekana naidhinisha kila mwenye kadi ya gari na hadithi ndefu. Karatasi nazo hudanganya, na hata timu za kiwanda zilizizoea. Timu ya BMC, kampuni ya magari ya Uingereza, ya miaka ya 1960, wale wa Mini Cooper, ilihamisha namba za usajili kutoka bodi iliyochakaa kwenda bodi mpya bila kusita. Gari lilikuwa kifaa cha kazi, na kuhamisha namba kulipunguza usumbufu wa makaratasi. Kwao lilikuwa jambo la kawaida. Kwa mnunuzi wa leo ni maumivu ya kichwa, maana namba moja maarufu inaweza kuwa imepita juu ya zaidi ya bodi moja, na kila bodi ina mtu anayeapa kuwa yake ndiyo. Katika hali kama hiyo mlolongo haujakatika, umegawanyika, na sidhani kama hoja ya Jaji Otton inatosha kuumaliza ugomvi huo.

Tena kuna uongo ambao haukutungwa na mwizi yeyote, umetungwa na uzuri. Barnato huyuhuyu, Machi 1930, aliweka dau kwamba anaweza kutoka Cannes na kufika kwenye klabu yake London kabla treni maarufu ya Blue Train, iliyoondoka Cannes wakati mmoja naye, haijafika Calais. Akaendesha Speed Six yake usiku kucha katika barabara za Ufaransa, akavuka bahari, akafika akiwa na dakika chache mkononi. Kwa miongo mingi kila mtu "alijua" gari lililofanya kazi ile: kupe, yaani gari la milango miwili, lenye bodi ya mafundi wa Gurney Nutting, paa limeshushwa chini, mgongo umeteremka kama wimbi, mojawapo ya magari mazuri kuliko yote yaliyotengenezwa Uingereza. Mchoraji Terence Cuneo akaichora ikikimbizana na treni. Picha ikaning'inizwa kila mahali.

Tatizo ni tarehe. Kupe ile ilikabidhiwa kwa Barnato mwezi Mei. Mbio zilikuwa Machi. Aliloendesha usiku ule lilikuwa Speed Six jingine, saluni yenye bodi ya Mulliner, milango minne na sura ya mtu anayekwenda benki. Hakuna aliyetaka liwe hilo. Kumbukumbu za kukabidhi magari zikasema hivyo bila kujali, na hapo ndipo napenda sana kazi ya watafiti wa chasisi, wale wanaokaa na madaftari ya kiwanda, picha za mbio na namba zilizogongwa kwenye chuma, wakilinganisha kovu moja la bawa la tope kwenye picha mbili. Kupe bado inaitwa kwa jina la treni. Sidhani kama italiacha, imekwisha kulizoea.

Sasa Bentley wenyewe wametia chumvi kwenye mjadala. Mwaka 2022 walitangaza kutengeneza Speed Six mpya kumi na mbili, kila kipande kikifuata michoro na vipimo vya yale ya mashindano, vikiwemo vile vifito vitatu vya reli. Ukiziweka kando ya Old Number One, zile mpya zinafanana zaidi na gari la 1930 kuliko gari la 1930 linavyofanana na nafsi yake. Chasisi ni ya umbo lile, injini ni ya ujazo ule, bodi imepigwa vilevile. Kwa anayetaka kujua Barnato alihisi nini mikononi kwenye ule mnyoosho mrefu wa Mulsanne pale Le Mans, huenda hilo jipya litamfundisha zaidi.

Bei zilitajwa kuwa karibu pauni milioni moja na nusu kila moja. Pesa nyingi, lakini mwaka 1990, kwa thamani ya pauni ya wakati ule, mtu alikuwa tayari kutia saini milioni 10 kwa gari lenye shafti ya pedeli, gamba la giaboksi na nguzo ya usukani za Le Mans. Kisha akajuta, akapelekwa mahakamani, akashindwa. Mimi ningeishika saini yangu.